Kuisubiri Ziara Ijayo ya Iron Maiden: Mwongozo Kamili kwa Shabiki wa Afrika Mashariki

Shabiki wa Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, anayeishi Milano au Manchester akisikia ziara imetangazwa, ananunua tiketi, siku ikifika anapanda treni, na usiku uleule analala kwake. Wewe wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa una pasipoti ya kuhuisha, viza ya kuomba, nauli, bima, ruhusa ya bosi, na kadi ya benki inayoweza kugoma dakika ya mwisho. Ukisubiri tangazo ndipo uanze hayo yote, umeshachelewa.

Nafuu yetu ni kwamba bendi hii inatabirika. Steve Harris, mpiga gitaa la besi, aliianzisha Leyton, mashariki mwa London, siku ya Krismasi mwaka 1975. Meneja wao, Rod Smallwood, yuko nao tangu 1979. Watu waliofanya kazi pamoja muda wote huo wana mazoea yao, na mazoea hayo yanasomeka hata ukiwa Temeke. Mwongozo huu unaanza na namna ya kuyasoma, kisha unakuja kwenye makaratasi.

Hatua ya kwanza: jua ni zamu ya ziara gani

Tangu 2005 Maiden wamekuwa wakipishanisha ziara za aina mbili. Kuna ya kumbukumbu, ambayo nyimbo zake karibu zote ni za zamani na jukwaa hupambwa kwa picha za majalada ya miaka ya 80. Kisha kuna ya albamu mpya. Mwaka 2005 walirudi kwenye albamu zao za mwanzo. 2006 na 2007 ikawa zamu ya albamu mpya, A Matter of Life and Death. Somewhere Back in Time ya 2008 na 2009 ilikuwa ya kumbukumbu, The Final Frontier ya 2010 na 2011 ya albamu. Maiden England, kumbukumbu. The Book of Souls ya 2016 na 2017, albamu. Legacy of the Beast, iliyoanza 2018 na kukatizwa na korona hadi 2022, kumbukumbu tena.

Iliyofuata, The Future Past ya 2023 na 2024, ilichanganya mambo: nusu ilikuwa ya Senjutsu, albamu ya 2021, na nusu ya Somewhere in Time ya 1986. Halafu ikaja Run For Your Lives, iliyoanza Budapest tarehe 27 Mei 2025 na kupangiwa tarehe nyingine mwaka 2026. Hiyo ni kumbukumbu tupu: albamu tisa za kwanza, kuanzia ile ya 1980 hadi Fear of the Dark ya 1992, basi.

Kwa mtiririko huo, zamu inayofuata ni ya albamu mpya, au mchanganyiko kama wa 2023. Jambo hili lina uzito kwa mtu anayeunguza akiba ya mwaka mzima. Ziara ya albamu ina maana utasikia nyimbo nyingi usizozizoea, na hawa jamaa hawana aibu katika hilo. Mwaka 2006 walipanda jukwaani wakapiga A Matter of Life and Death yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, huku baadhi ya waliolipa wakisubiri wimbo wa zamani The Trooper kwa hasira. Mimi naona walikuwa na haki. Ila kama unachotaka ni zile za kanda za utotoni, fahamu mapema unanunua nini.

Hatua ya pili: chora kalenda kabla hawajaitangaza

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Tazama siku za kuanza: Legacy of the Beast ilianzia Tallinn tarehe 26 Mei 2018. The Future Past ilianzia Ljubljana tarehe 28 Mei 2023. Run For Your Lives, Budapest tarehe 27 Mei 2025, na awamu yake ya 2026 ikapangwa kufunguliwa Athens tarehe 23 Mei. Mwisho wa Mei ndiyo desturi yao ya siku hizi. Ulaya inaingia kiangazi, viwanja vya wazi vinafunguliwa, na jukwaa hujengwa bila hofu ya theluji.

Sasa tazama matangazo. Ya 2018 ilitangazwa Novemba 2017, miezi sita kabla. Ya 2023 ilitangazwa Oktoba 2022, miezi saba. Ya 2025 ilitangazwa Septemba 2024, miezi minane, na tarehe za 2026 nazo zikatoka Septemba 2025. Tangazo linazidi kutoka mapema. Kwa hiyo mwaka wowote unaohisi kuwa kabla ya ziara, kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi mwisho wa Novemba ndipo pa kukaa macho. Miezi mingine endelea na maisha yako.

Usiitumie albamu kama kalenda. The Book of Souls ilitoka Septemba 2015 na ziara ikaanza Februari 2016, baada ya mwimbaji wao, Bruce Dickinson, kutibiwa saratani ya ulimi. Ziara ya The Final Frontier ilianza Juni 2010, miezi miwili kabla albamu yenyewe haijafika madukani. Senjutsu ilitoka Septemba 2021, na ziara iliyoibeba ikaja Mei 2023.

Ulaya ikiisha, mabara mengine hufuata. Mwaka 2024, kwa mfano, walikuwa Australia Septemba, kisha Japani, Marekani ya Kaskazini, wakamalizia São Paulo tarehe 7 Desemba. Usiku huo ndio Nicko McBrain, mpiga ngoma wao tangu miaka ya 80, alipiga shoo yake ya mwisho ya ziara. Nafasi yake ikachukuliwa na Simon Dawson. Maana yake kwetu ni kwamba mwaka wa kwanza ukikupita, mara nyingi mwaka wa pili upo.

Hatua ya tatu: chuja tetesi

Tetesi za ziara ni kama tetesi za usajili wa Simba na Yanga: nyingi hutengenezwa na mtu anayetaka kufuatwa mtandaoni. Zipo dalili mbili tu ninazoziamini.

Ya kwanza ni ratiba za pembeni. Dickinson ana bendi yake binafsi, Harris ana bendi yake ya pembeni, British Lion, na mpiga gitaa Adrian Smith hupiga na mwenzake wa nje ya bendi, Richie Kotzen. Kazi hizo huwekwa kwenye mapengo ya Maiden. Mwaka 2024 Dickinson alizunguka na bendi yake kuanzia Aprili hadi Julai, na Maiden wakarudi barabarani Septemba. Ukiona mmoja wao ametangaza shoo zake za Juni na Julai mwaka ujao, kiangazi hicho cha Ulaya kifute kwenye daftari lako, hata kama kundi lenu la WhatsApp linaapa vingine.

Ya pili ni mafumbo ya bendi wenyewe. Katikati ya 2021 yalionekana mabango Uingereza yakitangaza karamu ya Belshaza, yakiwa na tarehe 15 Julai. Aliyesoma Danieli sura ya 5 alijua mara moja: mkono ulioandika ukutani, Mene, Mene, Tekeli na Peresi. Tarehe 15 Julai ukatoka wimbo The Writing on the Wall, na albamu ikafuata Septemba. Kumbe walishairekodi Paris tangu 2019 wakakaa kimya miaka miwili. Fumbo kama hilo likitokea, ujue kitu kinakuja, ila ni albamu kwanza. Usikimbilie kukata nauli.

Picha za tarehe za ziara zinazosambazwa bila kuwepo kwenye ukurasa rasmi wa bendi, zipuuze.

Hatua ya nne: mambo ya kumaliza kabla ya Septemba

Pasipoti kwanza. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu. Kama yako inakaribia mwisho, ihuishe sasa wakati hakuna presha.

Kisha akaunti ya benki. Afisa wa viza atataka kuona taarifa za miezi kadhaa, na anachotafuta ni mtiririko wa kawaida: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, akiba inapanda kidogokidogo. Milioni tano zilizotua wiki moja kabla ya maombi zinamtia wasiwasi kuliko akaunti ya mtu wa kipato cha kati inayoeleweka. Kama mnachanga familia nzima, mchango uanze mapema na uwe na maelezo.

Tatu, kadi. Nenda benki ukaulize mambo matatu kwa maneno haya: kadi yangu inaruhusiwa kununua mtandaoni nje ya nchi? Kikomo cha siku ni kiasi gani? Ule msimbo wa uthibitisho unakuja kwa namba ipi ya simu? Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu namba iliyosajiliwa benki ni ya laini waliyoacha kuitumia zamani. Jaribu kadi kwa kununua kitu kidogo nje kabla ya siku yenyewe.

Nne, jiunge na klabu rasmi ya mashabiki. Ni ya kulipia, na wanachama hupewa nafasi ya kununua tiketi kabla ya umma. Wana pia bahati nasibu iitwayo First to the Barrier: washindi huingizwa uwanjani kabla ya wengine na kusimama mbele kabisa.

Hatua ya tano: kuchagua mji

Moyo utasema London au Paris. Mfuko useme lake pia. Miji kama Budapest, Sofia au Bratislava huwa na vyumba vya bei nafuu kuliko Paris, na bendi ni ileile na Eddie, lile dubwana lao, ni yuleyule. Angalia mambo mawili: kuna ndege ya kuunganisha mara moja tu kupitia Istanbul, Doha au Addis Ababa? Na je, nchi hiyo inapokea maombi ya viza katika mji wako? Kuna nchi zisizo na ubalozi Dar wala Nairobi, na kazi yao hufanywa na ubalozi wa nchi nyingine. Ulizia kabla ya kununua tiketi.

Tamasha kubwa la siku kadhaa linavutia kwa kuwa unapata bendi nyingi kwa bei moja, lakini kwa anayetoka mbali ni kamari. Wacken, Ujerumani, mwaka 2023, Maiden wakiwa miongoni mwa vinara, mvua iligeuza mashamba kuwa tope kiasi kwamba waandaaji walifunga milango na kuwaambia watu walioko njiani warudi makwao. Wa Hamburg alirudi nyumbani. Fikiria ungekuwa wewe.

Wanaoulizia karibu zaidi: Mei 2016 Maiden walipiga Cape Town na Johannesburg, na Machi 2007 walipiga Dubai. Vituo hivyo havitokei kila ziara, kwa hiyo usivingoje. Vikitokea, vipe kipaumbele. Mtanzania na Mkenya wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi mafupi, na hapo nusu ya mwongozo huu unaweza kuiruka.

Hatua ya sita: siku ya tiketi

Saa ndiyo mtego mkubwa. Tiketi zikitangazwa kuuzwa saa nne asubuhi za London, kwetu ni saa sita mchana wakati wa majira yao ya kiangazi, na saa saba mchana baada ya saa zao kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Za Paris au Budapest, saa nne yao ni saa tano kwetu kabla ya badiliko hilo na saa sita baada yake. Walioko Muscat waongeze saa moja juu ya yetu. Kwa kuwa matangazo ya Maiden hutoka Septemba hadi Novemba, badiliko hili huweza kuangukia katikati kabisa: mauzo ya wanachama yakawa kabla yake, mauzo ya umma baada yake. Andika ukutani.

Fungua akaunti ya tovuti ya mauzo siku kadhaa kabla, weka jina kama lilivyo kwenye pasipoti na kadi yako. Italia, kwa mfano, matamasha makubwa hutoa tiketi zenye jina la mnunuzi, na mlangoni hulinganishwa na kitambulisho. Juma Hassan Ally asinunue kama "Jay Ally". Siku yenyewe ingia kwenye foleni ya mtandaoni mapema, usibonyeze kitufe cha kurudisha ukurasa upya, na uwe umeamua tayari kama unataka kusimama au kukaa. Data ya simu iwepo pembeni, kwa sababu Wi-Fi na umeme wa kwetu havina mkataba na Iron Maiden.

Ukikosa, usikimbilie walanguzi. Bendi hii imepambana nao muda mrefu. Kwenye ziara ya Uingereza ya 2017 walitumia tiketi zisizo za karatasi, kadi uliyonunulia ikawa ndiyo tiketi yako. Tiketi ya mlanguzi inaweza kukataliwa mlangoni, na wewe umesafiri kilomita elfu saba. Subiri jukwaa rasmi la kuuziana tiketi, ambako watu huachia zao kwa bei ya kawaida, hasa wiki mbili za mwisho.

Hatua ya saba: viza

Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Shoo ikiwa mwisho wa Mei, dirisha linafunguliwa mwisho wa Novemba. Ukiwa umenunua tiketi Septemba au Oktoba, una muda wa kutosha wa kukusanya makaratasi. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ukinyimwa. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila unaweza kufika 45. Omba Januari au Februari. Ukiacha hadi Aprili utakuta miadi imejaa watalii na wanafunzi.

Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama ni Bratislava kwa shoo siku moja lakini Vienna siku nne, ubalozi wako ni wa Austria. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Tiketi ya shoo iweke kwenye faili, inasaidia kueleza kwa nini unaenda, lakini kinachomshawishi afisa ni sababu za kurudi: barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara, familia, mkataba wa nyumba. Barua yako ya maelezo iwe ya ukurasa mmoja. Sema ni shabiki, sema siku, sema nani analipa. Historia ya miaka 50 ya bendi haihitajiki pale.

Uingereza ni nchi nyingine kabisa kwa mambo haya: viza ya Schengen haikuingizi London, na maombi yao hufunguliwa miezi mitatu tu kabla ya safari. Mwenye pasipoti ya Oman ana nafuu huko, anaomba idhini ya mtandaoni ya ETA tu. Mtu wa kwetu anayetaka London na bara la Ulaya katika safari moja analipia viza mbili, na kwa maoni yangu ni anasa isiyo na sababu. Chagua upande mmoja.

Hatua ya nane: nauli, malazi na tahadhari

Lipia ndege baada ya viza kutoka. Kwa maombi, nafasi iliyoshikiliwa bila kulipiwa inatosha. Malazi weka yale yanayoruhusu kughairi. Harris alizaliwa 1956, Dickinson 1958. Hawa ni wazee wanaokimbia jukwaani kwa muda wa karibu saa mbili, na afya yoyote inaweza kuyumba. Shoo ikifutwa, fedha ya tiketi inarudi. Nauli na hoteli hakuna atakayekurudishia, labda bima yako iseme hivyo. Soma kipengele hicho kabla ya kusaini.

Fika siku mbili kabla. Mzigo unaweza kuchelewa na mwili nao unahitaji kupumzika.

Hatua ya tisa: siku yenyewe

Viwanja vingi vya Ulaya haviruhusu begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, kwa hiyo nenda na mfuko mdogo. Chukua vizibo vya masikio. Kwa vipimo vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 100 inavumilika kwa dakika 15 tu kwa siku, na shoo ya metali si ya dakika 15. Kabla ya ziara ya 2025 Smallwood aliwaomba mashabiki waweke simu mfukoni. Piga picha yako moja, kisha iache.

Orodha ya nyimbo kwa kawaida haibadiliki usiku hadi usiku ndani ya awamu moja. Kama unapenda kushtukizwa, jitoe kwenye kundi la WhatsApp usiku wa shoo ya kwanza na urudi ukishamaliza yako.

Uwanjani, baada ya bendi ya utangulizi, sikiliza spika. Ukisikia wimbo Doctor Doctor wa bendi ya UFO ukianza kupigwa kwa sauti kubwa, achana na foleni ya vinywaji, maana Maiden ndio wanaofuata. Na mwisho, taa zikiwaka ukasikia Always Look on the Bright Side of Life, hakuna wimbo mwingine unaokuja hata mkipiga kelele kiasi gani. Tafuta njia ya kituo cha treni kabla uwanja mzima haujaelekea hukohuko.